Msitu wa Umma: Sheria Ikibadilika, Mfanyakazi Aulize Nini?

Huenda mwanachama akauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na msitu? Tunajibu kwamba kina shughuli mbili. Kwanza, msitu wa umma ni mahali pa kazi. Wamo askari wa misitu, watunza miche, wakata miti, vibarua wa kusafisha njia na wakata tiketi wa langoni. Pili, msitu wa umma ni mahali pa kupumzikia kwa yule asiye na bustani nyumbani wala pesa ya hoteli ya ufukoni. Mtu aliyefanya kazi siku sita anahitaji kivuli siku ya saba. Kwa hiyo sheria ya msitu inapoandikwa upya, inamgusa mfanyakazi katika riziki yake na katika mapumziko yake.

Katika makala haya tunaeleza jinsi jirani zetu wa Kenya walivyobadilisha sheria za misitu yao ya hifadhi ili misitu hiyo itunzwe na wananchi waweze kuitembelea. Tumechukua mfano wa Msitu wa Karura ulioko Nairobi, kwa sababu habari zake zinajulikana na mafunzo yake yanatufaa sisi huku Uganda.

Zamani ilitosha sahihi ya waziri

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, kaskazini ya jiji la Nairobi, kati ya barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, wakati wa ukoloni. Ndani yake kuna mito, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha.

Chini ya sheria ya zamani ya misitu ya Kenya, waziri aliweza kubadilisha mpaka wa msitu kwa kutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungoja siku 28. Hakulazimika kwenda Bungeni. Mwananchi ambaye hakusoma gazeti hilo, na ni wafanyakazi wangapi hulisoma, aliamka siku moja akakuta miti imezungushiwa mabati na tingatinga liko kazini.

Ndivyo ilivyokuwa Karura katika miaka ya 1990. Sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi wapate kujenga. Mwaka 1998 Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kupinga jambo hilo kwa kwenda kupanda miche mahali palipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na watu waliokodiwa, na Wangari mwenyewe akapigwa kichwani hadi akatoka damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Hata hivyo sheria yenyewe haikuguswa. Mwaka 2001 serikali ilitumia njia ile ile ya tangazo kutoa karibu hekta 67,000 za misitu katika sehemu mbalimbali za nchi.

Hapa pana fundisho la kwanza. Tamko la kiongozi si sheria. Linaweza kuzuia shoka leo, lakini kama kifungu kinachoruhusu shoka kimebaki kitabuni, shoka litarudi.

Sheria mpya ilibadilisha nini?

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, nayo ikaanza kutumika mwaka 2007. Baadaye ilifuatwa na Sheria ya Hifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Tukiacha maneno ya wanasheria, mambo makubwa yaliyobadilika ni haya matatu.

La kwanza ni mpaka. Waziri hawezi tena kuumega msitu wa umma kwa sahihi yake peke yake. Jambo hilo lazima lifike Bungeni, baada ya kuchunguzwa madhara yake kwa mazingira na wananchi kusikilizwa.

La pili ni sauti ya wakazi. Watu wanaoishi karibu na msitu wanaweza kuunda chama chao, wakakiandikisha, na kufanya mapatano na Shirika la Misitu la Kenya, yaani KFS, ili washiriki katika kuutunza na kuutumia msitu huo. Wanaweza kuokota kuni, kufuga nyuki, kuotesha miche, au kuendesha shughuli za matembezi na burudani.

La tatu ni mpango wa usimamizi. Msitu hautumiwi kwa kubahatisha. Huandikwa mpango wa miaka kadhaa unaosema kila sehemu ina kazi gani, nani ataisimamia, na pesa zitatoka wapi.

Matembezi yana mahali pake

Wako wanaodhani kwamba kuhifadhi msitu ni kuufungia watu nje. Wako wengine wanaodhani kwamba mali ya umma ni kila mtu kufanya apendavyo. Wote wawili wanakosea. Mpango mzuri huugawa msitu katika sehemu. Sehemu ya chemchemi na miti ya asili huachwa itulie. Sehemu ya miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao huvunwa na kupandwa tena. Sehemu ya mapumziko hutengenezewa njia, vyoo na mahali pa kukaa.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Watu elfu moja wakipita njia moja iliyotengenezwa, msitu hauumii. Watu hao hao wakipita kila mmoja njia yake, udongo hushindiliwa, miche hukanyagwa, na mvua ikinyesha maji hufanya makorongo. Farasi huchimba udongo kuliko miguu ya mtu, ndiyo maana hupewa njia zao. Kenya pia ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika maeneo yake ya hifadhi, misitu ikiwemo, kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Mgeni hatakiwi kuingia na chupa ya plastiki ya maji.

Karura ulizungushiwa uzio wa umeme, ukafunguliwa kwa matembezi, na mahali palipoogopwa kwa sababu ya wanyang'anyi pakawa mahali pa familia. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa shilingi 100 za Kenya langoni. Baadhi ya walinzi waliajiriwa kutoka kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu. Jambo hili linastahili kusifiwa. Kijana anayelipwa mshahara kulinda mti hana haja ya kuukata usiku.

Sheria isiyotenganisha humwumiza mfanyakazi

Lakini Kenya hiyo hiyo inatupa mfano wa pili, nao ni wa uchungu. Mwezi Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yote ya umma. Nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa mito ilikuwa inakauka na miti ya asili ilikuwa inaibwa. Marufuku hiyo ilitangazwa kuwa ya siku 90. Iliongezwa mara kwa mara, na haikuondolewa hadi mwaka 2023.

Kosa lake ni kwamba haikutenganisha msitu wa asili na msitu uliopandwa ili uvunwe. Mvinje na msonobari uliopandwa kwa ajili ya mbao ukipita umri wake hauhifadhi chochote cha ziada. Unaoza ukiwa umesimama. Wakati huo viwanda vya kupasua mbao vilifungwa, na vibarua, madereva na mafundi wa misumeno wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hatusemi kwamba miti ya asili ingeachwa ikatwe. Tunasema kwamba kama sheria ingefuata mipango iliyokwisha kuandikwa, sehemu kwa sehemu, mwizi wa miti angezuiwa bila kumfukuza kazi mpasua mbao halali.

Pesa ya langoni ni ya nani?

Mwezi Agosti 2025 Karura ulirudi tena katika magazeti. Safari hii hakuna aliyekuwa anataka kujenga nyumba. Ugomvi ulikuwa juu ya kiingilio. KFS iliagiza kwamba malipo yote yapitie katika mfumo wa malipo wa serikali. Chama cha wakazi, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kimeshirikiana na KFS kuusimamia msitu kwa mapatano, kikapinga, na jambo likafika mahakamani.

Sisi hatuna haja ya kuwa mahakimu. Serikali ina haki ya kujua kila senti inayokusanywa katika ardhi ya umma. Wakazi nao wana haki ya kuona kwamba pesa ya msitu inarudi msituni, kutengeneza uzio na njia. Lakini sisi kama wafanyakazi tunaona mtu wa tatu ambaye hatajwi sana katika ugomvi wa namna hii. Huyu ni mlinzi wa langoni na kibarua wa njia, ambaye mshahara wake unatoka katika kiingilio hicho. Pesa ikihamishwa mfuko, je, mkataba wake unahama nayo? Mwajiri wake mpya ni nani? Miaka yake ya utumishi itahesabiwa? Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Kwa hiyo tunasema kwamba mapatano yoyote ya kusimamia msitu wa umma yawe na kifungu juu ya wafanyakazi, kama yalivyo na kifungu juu ya miti.

Mlango wa nyuma

Tusidhani kwamba sheria nzuri ikiisha kupita, kazi imekwisha. Mwaka 2021 mswada uliletwa katika Bunge la Kenya wa kuondoa vifungu vinavyotaka shirika la misitu lipime kwanza kila ombi la kubadilisha mpaka kabla halijafika kwa wabunge. Mswada wenyewe ulikuwa mfupi. Mtu angeweza kuusoma akinywa chai akauona kuwa ni marekebisho madogo ya utaratibu. Watu wa mazingira waliona kilichokuwa ndani yake, wakapiga kelele, na haukuwa sheria. Msitu unaweza kukatwa kwa kalamu kabla ya msumeno kufika.

Na sisi huku?

Sisi Waganda tuna Mabira. Kila apitaye barabara ya Kampala kwenda Jinja ameuona msitu huo, na wengi wamesimama Najjembe kununua nyama ya kuchoma na gonja. Ni msitu wa karibu hekta 30,000. Mwaka 2007 palikuwa na shauri la kutoa hekta 7,100, karibu robo nzima, zilimwe miwa. Mwezi Aprili watu waliandamana Kampala, na wengine walipoteza maisha yao. Shauri hilo likawekwa kando, likarudi tena mwaka 2011, na likapingwa tena.

Katiba yetu ya mwaka 1995 inasema kwamba serikali inashika misitu ya hifadhi kwa amana ya wananchi, kwa ajili ya mazingira na utalii, kwa faida ya wote. Sheria yetu ya misitu ya mwaka 2003 inataka idhini ya Bunge kabla msitu mkuu wa hifadhi haujapunguzwa. Inawaruhusu pia wakazi kuokota kuni kavu kwa kiasi kwa matumizi ya nyumbani, bila malipo. Haya ni maneno mazuri. Ila amana ambayo mwenye mali haifuatilii huliwa. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kuuliza

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa matawi, wanapoitwa katika mikutano ya kujadili mpango wowote mpya wa msitu, wasikae kimya kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya wataalamu. Wasimame waulize haya:

1. Mpaka wa msitu umeandikwa wapi, na ni nani mwenye uwezo wa kuubadilisha?

2. Sehemu ya hifadhi, sehemu ya mbao na sehemu ya matembezi zimetenganishwa kwenye ramani, au yote yamechanganywa?

3. Kiingilio ni kiasi gani, na je, mwenye mshahara wa chini ataweza kuingia na watoto wake?

4. Pesa hiyo inawekwa wapi, na hesabu yake inasomwa mbele ya nani?

5. Wafanyakazi wa msitu wameajiriwa na nani, kwa mkataba gani, na msimamizi akibadilika haki zao zitalindwaje?

6. Mama anayeokota kuni kavu ataendelea kuruhusiwa, au njia yake imekuwa njia ya baiskeli?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala moja iletwe ofisi ya tawi. Jibu lisiloandikwa leo, kesho litakuwa na mabishano. Na mwanachama asiyeweza kufika mkutanoni amwulize mjumbe wake Jumatatu: mlisema nini juu ya msitu wetu?