9.81 haikupi A

"Jibu ni 9.81 kamili, mbona kapewa 42?" Muhula hauishi bila sisi tunaosahihisha ripoti za maabara kuulizwa swali hili. Safari hii limetoka kwa mzazi wa Mkata, mkoani Tanga, aliyefungua ripoti ya maabara ya mwanawe wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, akaona jibu limelingana na la kitabu, akaamini kijana ameonewa. Hakuonewa. Kwa nilichokisoma, 42 ni alama za huruma.

Hiyo 9.81, kipimo cha mvutano wa dunia kwa mita kwa sekunde mraba, ndiyo iliyomuumbua. Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Dunia imetuna kwenye ikweta na inajizungusha, kwa hiyo huku kwetu kitu huvutwa kidogo pungufu kuliko Ulaya. Dar es Salaam, kama Mkata, iko kati ya nyuzi 5 na 7 kusini mwa ikweta, na thamani ya kweli hapa ni karibu 9.78. Ile 9.81 ni ya latitudo za walioandika vitabu. Kijana alining'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1, akapima muda wa mibembeo 10, kama sekunde 20. Kidole kwenye saa hukosea sekunde 0.2 bila shida. Kosa hilo peke yake linafanya jibu liyumbe kwa 0.2 juu au chini. Sasa ameipataje desimali ya pili, tena ya bara jingine? Ameipika. Mwenzake aliyeandika "9.7, kosa 0.2 juu au chini", akaonyesha kosa limetoka wapi, nilimpa 78. Chuoni kwetu A huanzia 70.

Maabara haimtafuti anayejua jibu. Jibu tunalo sisi. Tunamtafuta anayeaminika kwa vipimo vyake. Fikiria mhandisi kijana aliyekabidhiwa kipande cha barabara kama ile ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54. Mkataba unataka tabaka lishindiliwe hadi asilimia 95, kipimo kinasoma 91. Aliyezoea kurekebisha namba ziendane na kitabu ataandika 95.2, na mkandarasi atamwaga tabaka la juu. Masika yakija, malori ya mahindi na machungwa yataonyesha ile 91 ilikuwa wapi.

Halafu kuna dawa ya mtaani: ripoti za miaka iliyopita, zinazotolewa kopi kwenye steshenari za jirani na vyuo. Wanaodesa wanadhani hatuoni. Namba zile zile hadi desimali ya pili, grafu ile ile, hata neno lililokosewa tahajia mwaka juzi limekosewa vile vile! Hiyo ni sifuri, na pengine kamati ya nidhamu.

Anayetaka alama afanye hivi. Andika vipimo kwa kalamu ya wino palepale maabara; ukikosea kata kwa mstari mmoja, usifute. Namba ya kifaa iandike. Rudia kipimo angalau mara tatu, ukihesabu mibembeo 50 badala ya 10. Kila namba na kizio chake na kosa lake. Jibu likiwa la ajabu, mwite fundi sanifu kabla hujafungua kifaa, kisha eleza ulichokagua. Ukiugua, cheti cha hospitali kifike idarani mapema ili upangiwe kundi jingine. Rufaa ipo, nayo huanza na daftari la vipimo lenye sahihi ya fundi. Bila hilo hatuna cha kusahihisha upya.