Risasi Kiunoni, Matumbawe Mashakani

Wageni wanaozamia Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, hawaji kuharibu. Wamelipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, na wameshaambiwa wasiguse kitu. Bado matumbawe huvunjika, na mara nyingi chanzo ni vizito vya risasi vilivyozidi mkandani.

Anayeanza huogopa kushindwa kuzama, basi huongeza risasi. Akifika chini uzito unamvuta, naye hujaza hewa kwenye jaketi ili ajinusuru. Hewa inainua kifua, risasi inavuta kiuno, miguu inaning'inia. Kila akipiga mapezi, ncha zake huchapa matumbawe au kutimua mchanga. Hewa yenyewe nayo haitulii. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa husinyaa ikabaki nusu. Akipanda kidogo inatanuka na kumpaisha. Akishuka inabanwa naye anazama zaidi. Wenye jaketi lililojaa ndio wanaoyumba kuliko wote.

Mchanga si jambo dogo. Tumbawe ni mnyama, tena mdogo mno, anayefuga mwani ndani ya nyama yake. Mwani huo hutumia mwanga kumtengenezea sehemu kubwa ya chakula. Mchanga ukimfunika, mwanga unapungua, naye hutumia nguvu zake kutoa ute wa kujisafishia badala ya kukua. Na kukua kwenyewe ni kwa shida: yale ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini mengi ya mabonge makubwa huongezeka kama sentimita moja tu.

Basi pima vizito kabla ya kushuka. Simama wima majini, jaketi tupu, pumzi ya kawaida kifuani, bila kupiga mapezi: maji yakufike machoni. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ongeza kilo mbili hivi ikiwa mtungi umejaa, kwa kuwa utapungua uzito hewa ikitumika. Huko chini mapafu ndiyo usukani: ukivuta pumzi unapanda, ukiitoa unashuka. Ila usiibane kamwe. Hewa ikitanuka wakati wa kupanda huweza kuyapasua.

Mlango wa Kinasi, unaoingia ghubani, una mkondo mkali, hasa wakati wa bamvua, na mkondo humfanya mtu ashike chochote. Mwanafunzi asubiri maji mafu, azamie kwanza ndani ya ghuba.