Shahada iliyodaiwa kwa mgomo wa kula

Mwaka 1993, kundi la wanafunzi na mhadhiri mmoja lilisusia chakula kwa siku 14 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likidai idara kamili ya masomo ya Wachikano. Uongozi ulikubali kuanzisha kituo tu, kilichopewa jina la César Chávez, mtetezi wa vibarua wa mashambani aliyefariki mwaka huo. Idara ilipatikana mwaka 2005. Wanafunzi wa shahada ya uzamivu walisubiri hadi mwaka 2012.

Wachikano ni Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mwanamume huitwa Chicano na mwanamke Chicana, na shahada hubeba majina yote mawili kwa sababu wanawake walikataa kumezwa na jina la kiume.

Historia yao haikuanza na uhamiaji peke yake. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848 uliihamishia Marekani eneo kubwa la Mexico, ikiwemo California. Wengi walijikuta wageni katika ardhi ya babu zao bila kuhama hata hatua moja.

Madai ya kuifundisha historia hiyo yalipamba moto Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa sekondari walipotoka madarasani mashariki mwa Los Angeles. Mwaka uliofuata, wasomi na wanafunzi walikutana Santa Barbara na kuandaa mpango wa kuiingiza taaluma hiyo vyuoni. Chuo kikuu cha mji huohuo ndicho kilichokuwa cha kwanza nchini kutoa uzamivu wake, kikipokea wanafunzi mwaka 2005.

Anayejiunga leo husoma historia, fasihi, sheria za uhamiaji, kazi na siasa za mpakani. Wengi hulenga kufundisha vyuoni, ambako ajira ni za kugombaniwa.

Ushindani si tishio pekee. Sheria ya Arizona ya mwaka 2010 ilisababisha somo hilo kufutwa katika shule za Tucson mwaka 2012. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kuwa hatua hiyo ilisukumwa na ubaguzi wa rangi na ilikiuka katiba.

Mwaka 2020, California ilipitisha sheria inayowataka wanafunzi wa vyuo vikuu vya serikali vya mtandao wa Cal State kusoma angalau somo moja la jamii za wachache. Masomo hayo yanahitaji wahadhiri, na wahadhiri hao hutoka katika shahada ambazo zamani ziligomewa chakula ili zipatikane.