Mzee afungue kompyuta bila kumwita mjukuu

"Njoo unifungulie." Katika nyumba yenye mzee na kompyuta, maneno hayo husikika kila jioni. Mjukuu anaacha daftari lake, anakuja, anabofya mara mbili, anaondoka. Baada ya robo saa anaitwa tena. Siku za kwanza huitika "Naam, babu" kwa moyo mkunjufu. Wiki ya tatu anachelewa kuitika, na mzee si mtoto, anaelewa. Anaanza kunyamaza. Barua pepe za watoto walio mbali hazisomwi, picha za harusi hazitazamwi, na watu wa nyumbani wanasema mzee ameichoka kompyuta.

Mara nyingi hajaichoka. Kinachomshinda ni kipanya. Kubofya mara mbili kunataka kidole kipige upesi huku mkono umetulia. Mkono unaotetemeka, au uliopungua nguvu baada ya kiharusi, haufanyi hivyo. Alama ya programu haifunguki, inaburutwa tu hadi pembeni mwa skrini, na mzee anadhani ameharibu kitu. Lakini kibodi haimtishi hata kidogo, hasa kama ni mtu aliyepata kupiga taipu ofisini enzi zake.

Basi mpeni kibodi. Kompyuta nyingi za majumbani zinatumia Windows, na ndani yake mna njia mbili za kufungua vitu kwa vitufe.

Iliyo nyepesi ni ya namba. Programu zilizobandikwa kwenye ule mstari wa chini ya skrini huhesabiwa kuanzia kushoto. Ukishikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza 1, inafunguka ya kwanza. Ukibonyeza 2, ya pili. Kubandika programu, itafute kwenye menyu ya Start, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Pin to taskbar". Kasoro yake ni kwamba mtu akizipangua, namba nazo zinabadilika. Mjukuu mmoja mtundu anatosha kumpeleka babu kwenye michezo ya magari badala ya barua zake.

Kwa hiyo mimi napendelea ya pili, ya herufi. Bofya kulia juu ya alama ya mkato iliyo kwenye uso wa kompyuta, chagua "Properties", kisha tafuta kisanduku kilichoandikwa "Shortcut key". Bonyeza herufi unayoitaka. Windows yenyewe itaongeza Ctrl na Alt mbele yake. Bonyeza OK. Kuanzia hapo Ctrl, Alt na herufi hiyo vikibonyezwa pamoja, kitu kinafunguka. Folda ya picha nayo inawezekana: kwanza itengenezee alama ya mkato kwa "Send to" halafu "Desktop". Katika Windows 11 utaanza na "Show more options" ndipo uione. Alama hiyo iacheni palepale usoni. Anayefanya usafi wa skrini na kuifuta, ameifuta na njia ya mzee.

Herufi ichaguliwe na mzee mwenyewe. Vijana wengi hukosea hapa, wanaweka herufi ya jina la programu la Kiingereza kisha wanashangaa kwamba hakumbuki. Yeye hafungui programu, anafungua picha, basi ni P. Barua ni B. Redio ya mtandaoni ni R. Kama WhatsApp ya kwenye kompyuta kwake ni mahali pa kuwaona wajukuu, W itamkaa kichwani kwa sababu yake, si kwa sababu ya kampuni. Tatu au nne zinatosha kwa kuanzia. Kwa wenye kibodi za Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, iepukeni E, maana Ctrl na Alt pamoja hufanya kazi ya kitufe cha AltGr, na AltGr na E huandika alama ya yuro.

Sasa mtauliza, mwenye mkono mmoja atabonyezaje vitufe vitatu kwa pamoja? Hapo ndipo penye msaada ambao watu wengi wameuona bila kuujua. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inauliza kama unataka kuwasha "Sticky Keys". Wengi hukasirika na kukataa. Kwa mzee wenu, kubalini. Kuanzia hapo atabonyeza Ctrl, aachie, Alt, aachie, kisha P, kwa kidole kimoja na kwa mwendo wake. Ila kwa kawaida msaada huo hujizima mtu akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama afanyavyo kijana mwenye haraka aliyeazima kompyuta dakika mbili. Mzee akirudi anakuta vitufe vyake havimtii. Ingieni kwenye mipangilio ya Accessibility, upande wa kibodi, mwondoe alama kwenye sharti hilo la kujizima.

Kufunga nako kusisahaulike, maana madirisha kumi yaliyorundikana humchanganya mtu yeyote. Alt na F4 hufunga lililo mbele. Kwenye baadhi ya kompyuta za mkononi lazima uongeze kitufe cha Fn. Kitufe cha Windows na D huyashusha yote na kumrudisha mwanzo, nacho ndicho ningemfundisha kabla ya vingine vyote. Anayejua kurudi haogopi kwenda.

Kata vipande vya plasta nyeupe, andika herufi kubwa kwa kalamu nene, bandika juu ya vitufe alivyochagua. Ctrl na Alt vipewe rangi. F na J msivifunike, kwani vile vinundu vidogo vilivyo juu yake ndivyo vinavyomwongoza mpiga taipu wa zamani aweke vidole bila kutazama.

Halafu mwacheni. Atakapokosea mara mbili tatu, mkono wa kijana utawasha kurukia kipanya. Auweke mfukoni. Na kipanya chenyewe msikifiche. Kiacheni mezani, siku mkono ukiwa mzuri atakishika.