Nyayo Kubwa Mbele, Nyayo Ndogo Nyuma

Sogeeni hapa shikome, wanangu, penye moto. Ng'ombe wameshaingia zizini, na michembe yetu ya viazi bado inachemka chunguni. Leo mmoja wenu ameniuliza swali akiwa hata hajaweka chini fimbo ya kuchungia: "Mjomba, kocha akifa ghafla, aliowafundisha wanabaki na nini?"

Hongera, mwanangu! Aulizaye njia hapotei. Basi tuiulize njia yenyewe.

"Njia inaongea, Mjomba?"

Inaongea sana. Tatizo letu tunaikanyaga bila kuisikiliza. Ninayoisema mimi ni njia ya vumbi ya Chepkorio, kule Elgeyo Marakwet, nchini Kenya. Nyamazeni kidogo. Haya, inakohoa.

"Mimi ni njia. Nimelala juu milimani, ambako hewa ni haba. Anayekimbia huku anahema kama bibi anayepuliza moto wa kuni mbichi. Ndiyo maana wakimbiaji wananipenda. Kifua kikizoea taabu ya huku juu, mbio za mabondeni kinaziona nyepesi.

"Mwaka 2009 alinipitia kijana wa Kinyarwanda, Gervais Hakizimana. Mbio zake zilikuwa za mita 3000, zile za kuruka viunzi na dimbwi la maji. Alikuja huku kufanya mazoezi. Puu, puu, puu! Pembeni palikuwa na mtoto akichunga mifugo ya kwao, miguu peku. Mtoto akaona watu wanakimbia, naye akaunga. Nyayo kubwa mbele, nyayo ndogo nyuma. Akawafikia, akaanza kumkanyaga Gervais visigino! Gervais akageuka, akamfukuza."

"Mjomba, mbona alimfukuza?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Umechoka, jasho linakuingia machoni, halafu mchunga ng'ombe anakukanyaga kisigino. Lakini yule mtoto alirudi tena. Akifukuzwa leo, kesho yupo. Jina lake Kelvin Kiptum. Alizaliwa Desemba 1999, kwa hiyo mwaka ule alikuwa na miaka tisa tu. Kama wewe hapo, mwenye fimbo.

Sasa fikirini wachimbaji wetu wa Geita. Jiwe la dhahabu likitoka shimoni halimeti. Ukilitupa njiani, mbuzi atalikanyaga apite zake. Lakini mwenye macho analipeleka kwenye karasha, linasagwa, kisha linaoshwa taratibu mwaloni. Kocha ni mwenye macho. Gervais alitazama zile nyayo ndogo, siku moja akaacha kumfukuza. Mtoto alipokua, Gervais akawa mwalimu wake. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Korona, Gervais alibaki Kenya akiendelea kumnoa.

"Kocha anafundisha nini, Mjomba? Kukimbia si kila mtu anajua?"

Ah, swali tamu! Kukimbia tunajua wote. Mbwa akitutokea nyuma, hatuhitaji mwalimu. Kocha anafundisha lini ukaze na lini ulegeze. Tazameni chungu hiki cha michembe. Moto ukiwa mdogo, haiivi. Moto ukizidi, inaungua, na chungu chenyewe kinapasuka. Kiptum alipenda moto mkali mno. Kwa wiki moja alikimbia zaidi ya kilomita 250. Ni kama kutoka hapa Shinyanga hadi Mwanza, kisha ukaanza safari ya kurudi. Kwa miguu! Gervais alimwambia apunguze, akiogopa kwamba mwili utachoka mapema. Kijana hakutaka kusikia. Alichotaka ni rekodi ya dunia.

Je, aliipata? Njia, waambie.

"Aliipata. Mbio za marathoni ni kilomita 42 na mita 195."

Ngoja kidogo, Njia, hawa watoto hawajui urefu huo. Wanangu, ukitoka hapa mjini ukakimbia mpaka Mwadui kwenye almasi, bado hujamaliza. Endelea.

"Kiptum alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake, akashinda zote. Valencia, Desemba 2022. London, Aprili 2023. Kisha Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023. Huko Chicago alitumia saa 2 na sekunde 35. Kila kilomita, dakika tatu hazikutimia! Akaipita rekodi ya Mkenya mwenzake, Eliud Kipchoge, kwa sekunde 34. Nyayo ndogo zikawa nyayo kubwa. Zikawa mbele ya dunia nzima."

"Mwalimu wake hakuona wivu?"

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sote tukipitwa tunanuna. Kocha akipitwa anafurahi. Kazi yake yote ni kumlea mtu atakayempita.

Kisha ikaja siku ya huzuni. Jumapili usiku, tarehe 11 Februari 2024, walikuwa pamoja garini karibu na Kaptagat. Kiptum ndiye aliyekuwa akiendesha. Gari liliacha barabara, likagonga mti. Mwalimu na mwanafunzi wakafariki palepale. Gervais alikuwa na miaka 36, Kiptum 24. Siku tano tu kabla ya ajali, shirikisho la riadha duniani lilikuwa limeithibitisha rekodi ya Chicago.

Mnanyamaza. Nyamazeni tu, si vibaya. Kifo cha ghafla ni kama chungu kuanguka kikiwa bado jikoni. Hakuna aliyejiandaa. Mtu anabaki ameshika upawa, hajui aupeleke wapi.

"Kwa hiyo michembe yote imemwagika, Mjomba?"

Iliyokuwa chunguni imemwagika, sitakudanganya. Marathoni ya Rotterdam ilikuwa ikimngoja Kiptum Aprili ile, na hakwenda. Lakini ile mliyokula jana iko wapi? Imo miguuni mwenu. Chungu kikivunjika, haitoki. Wapo waliokimbia na Gervais asubuhi za baridi, wakajifunza kukaza na kulegeza. Hicho ndicho wanachobaki nacho.

Mnaijua njia ya ng'ombe iendayo lamboni? Nani aliitengeneza? Ng'ombe wa kwanza aliyepita pale alikwisha kufa zamani, hata babu hakumwona. Na jioni hii ng'ombe wetu wamekunywa maji.

Haya, leteni sahani. Na kesho mkienda lamboni, mkubwa atangulie, wadogo wafuate. Nyayo kubwa mbele, nyayo ndogo nyuma. Wewe wa mbele, ukikanyagwa kisigino, geuka kwanza umtazame aliyekukanyaga.