Vinyago vya Fizi viko Ulaya: nani atavitambua, na vikirudi vitakaa wapi?

Ubelgiji imeikabidhi Kinshasa orodha ya vitu 84,000 na kupitisha sheria ya kuvirejesha. Kwa wakazi wa Fizi na Baraka, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza.

BARAKA, KIVU KUSINI. Kijana wa Baraka mwenye simu na vifurushi vya kutosha anaweza leo kuandika neno "Bembe" mtandaoni akaona vinyago na sanamu zilizomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ila si vyote atakavyoviona vimetoka kwao. Baadhi vimechongwa na Wabembe wa Congo-Brazzaville, watu wa upande wa Mouyondzi, ambao wanafanana jina na Wabembe wa Ziwa Tanganyika lakini lugha na historia yao ni nyingine kabisa.

Mkanganyiko huo unaweza kuonekana mdogo. Lakini wakati huu ambapo serikali mbili zinazungumzia kurejesha mali ya urithi iliyochukuliwa enzi za ukoloni, jina lililoandikwa vibaya kwenye kadi ya makumbusho linaweza kukipeleka kitu kwa watu ambao si wenyewe, au kukiacha palepale kilipo.

Orodha iliyofika Kinshasa

Mnamo Februari 2022 aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo wa wakati huo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu takribani 84,000 vinavyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Afrika lililoko Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Jumba hilo lilitokana na maonyesho ya mwaka 1897 ya Mfalme Leopold II.

Miezi minne baadaye, Juni 8, 2022, Mfalme Philippe alikabidhi mjini Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu. Picha zake zilisambaa nchini kote. Jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kwamba kinyago hicho hakikurejeshwa, bali kiliazimwa kwa muda usio na kikomo. Sheria ya Ubelgiji inayoruhusu serikali kuachia mali hizo ilikuwa bado haijakamilika. Ilikuja Julai 3 mwaka huohuo.

Siku chache baada ya ziara hiyo, jino la Patrice Lumumba lilikabidhiwa kwa familia yake mjini Brussels, kisha likazikwa Kinshasa Juni 30. Kwa Wakongomani wengi, mwezi huo ulikuwa ishara kwamba mlango umefunguka.

Alunga na Bwami

Fizi ina nini katika maghala hayo? Jina linalojulikana zaidi ni alunga, kinyago cha mbao cha Wabembe chenye nyuso mbili zilizopeana migongo, kila uso na macho makubwa yaliyochongwa ndani ya duara jeupe. Anayekivaa huona mbele na nyuma. Hakikutengenezwa ili kitundikwe ukutani. Kilikuwa mali ya chama chenye taratibu zake, kikitoka kwa siku maalumu, na nyimbo zake, na watu waliopewa ruhusa ya kukishika.

Juu ya hayo yote kulikuwa na Bwami, taasisi ambayo Wabembe wanaishiriki na ndugu zao Walega. Mtu alipanda ngazi ya Bwami kwa kufundishwa, kwa kutoa, na kwa mwenendo mwema. Vinyago vidogo na sanamu vilikuwa vifaa vya kufundishia: kila kimoja kilikuwa na methali yake, na bila methali hiyo kilibaki kipande cha mbao au pembe.

Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ulitangaza kuivunja Bwami. Vitu vilivyokuwa vya siri vikaanza kuuzwa, kutwaliwa au kufichwa. Baadhi ya wamisionari, na baadaye hata baadhi ya makanisa ya wenyeji, waliviita vya kishetani. Vikafuata vita vya kuanzia 1996, vilivyochoma nyumba na kuwatawanya wazee waliokuwa wanajua maana zake.

Mtafiti wa Kibelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya kazi mashariki mwa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba sanamu nyingi zilizoandikwa "Bembe" huko Ulaya zilitoka kwa jamii nyingine zilizokuwa zikiishi eneo hilo, wakiwemo Wasikasingo na Wabuyu. Kwa hiyo hata ndani ya Fizi yenyewe, swali la "hiki ni cha nani?" halina jibu la haraka.

Sheria ina mipaka yake

Sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022 ni hatua kubwa, lakini inafaa kuisoma vizuri kabla ya kushangilia. Inahusu vitu vilivyochukuliwa kati ya 1885 na 1960 na vilivyo mikononi mwa serikali kuu ya Ubelgiji. Vilivyomo katika nyumba za watu binafsi na kwa wafanyabiashara wa sanaa havimo.

Pili, anayezungumza na Ubelgiji ni dola ya Kongo, kupitia mkataba wa nchi mbili. Mwami, ukoo au chama cha utamaduni cha Baraka hakiwezi kuandika barua Brussels kikadai kitu chake. Ni lazima kipitie Kinshasa, mji ulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Baraka, ambao mtu wa kawaida wa Fizi hafiki kwa barabara.

Tatu, sheria imeacha nje nyaraka na mabaki ya binadamu. Hapo ndipo ukanda wa Tanganyika unapoguswa moja kwa moja. Upande wa kusini wa ziwa hilihili, mnamo Desemba 1884, watu wa ofisa wa Kibelgiji Émile Storms walimuua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na mafuvu ya viongozi wengine wawili, na limehifadhiwa katika taasisi ya sayansi ya asili mjini Brussels. Sanamu ya ukoo wake iko Tervuren. Sheria hii haihusu fuvu la mwenye sanamu; linasubiri utaratibu mwingine.

Somo la mwaka 1976

Kongo imewahi kupita njia hii. Oktoba 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akadai nchi zilizopoteza kazi zao za sanaa zirudishiwe angalau sehemu yake. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilipeleka Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren. Katika misukosuko ya miaka ya 1990 makumbusho yaliporwa, na baadhi ya vitu vilivyorejeshwa vikatoweka na kuingia katika biashara ya kimataifa.

Historia hiyo imetumiwa mara nyingi na wanaopinga kurejesha: wanasema Kongo haina pa kuviweka. Hoja hiyo imepungua nguvu. Tangu Novemba 2019 Kinshasa ina Jumba jipya la Makumbusho ya Taifa, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Katiba ya 2006, ibara ya 46, inaitaka serikali ilinde urithi wa utamaduni wa taifa, na sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu 1971.

Lakini kwa Fizi jumba la Kinshasa ni nusu ya jibu. Kinyago kikitoka Tervuren kikafika Kinshasa, mtoto wa Mboko, Lulimba au rasi ya Ubwari bado atakiona kwenye picha tu. Na kukileta Kivu Kusini kwa sasa ni jambo gumu: Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025 na serikali ya jimbo ikalazimika kuhamia Uvira. Katika hali hiyo, hakuna mtu mwenye busara atakayesafirisha kitu chenye umri wa miaka mia kwenda Baraka.

Simu kabla ya sanduku

Kwa sababu hiyo, teknolojia ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Kabla vitu havijasafiri, picha zake zinaweza kusafiri. Orodha ya vitu 84,000 ikiwa na picha na ikasomeka kwa Kiswahili, mzee wa Fizi anaweza kuonyeshwa kitu kwenye simu ya mjukuu wake akasema jina lake, matumizi yake na wimbo wake. Taarifa hiyo haimo kwenye kadi ya Tervuren, ambayo mara nyingi humtaja Mzungu aliyekileta kitu na kumsahau fundi aliyekichonga.

Wazee hao hawako Fizi peke yake. Wengi walivuka ziwa, na tangu 1996 kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, imekuwa makazi ya Wakongomani wengi kutoka Fizi na Uvira. Kutoka huko baadhi wamehamia Marekani, Kanada na Australia. Kumbukumbu ya Wabembe leo imetawanyika katika mabara kadhaa, na kinachoiunganisha ni simu.

Sera ya taifa imeanza kulitambua hilo. Machi 13, 2023 Rais Félix Tshisekedi alitia saini sheria ya kanuni za kidijitali, inayogusa huduma za mtandaoni, saini za kielektroniki, data binafsi na uhalifu wa mitandao. Lakini wananchi wanakumbuka pia kodi ya RAM, iliyoanza kukatwa kwenye simu zao mwaka 2020 na kuondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko makubwa. Kwa wanaochaji simu kwa umeme wa jua au jenereta na kununua megabaiti kwa kuhesabu, mtandao bado ni gharama kabla ya kuwa huduma.

Lipo pia suala la heshima. Elimu ya Bwami ilitolewa kwa ngazi, si kwa kila mpita njia. Mzee anayekubali kurekodiwa ana haki ya kujua sauti yake itawekwa wapi, nani ataisikia na nini kisitolewe hadharani. Tukiyapuuza hayo, tutarudia kwa simu yale yaliyofanywa kwa nguvu wakati wa ukoloni.

Urithi usigeuzwe hati ya shamba

Kuna hatari nyingine inayohitaji kusemwa waziwazi. Fizi ni nyumba ya Wabembe, Wabuyu, Wabwari, Wafuliiru, Banyamulenge, Watwa na wengineo. Swali la nani alitangulia kufika limemwaga damu nyingi, hasa katika nyanda za juu. Kadi ya makumbusho inayosema "hiki ni cha kabila fulani, kilipatikana kijiji fulani" inaweza kuchukuliwa na mwanasiasa kama ushahidi wa kudai ardhi.

Historia yenyewe haimpi nafasi hiyo. Kazi ya Biebuyck inaonyesha jamii zilizoazimana sanamu, vyama na majina kwa vizazi. Anayeisoma kwa haki ataona majirani waliofunzana, si ukuta kati yao.

Mambo yanayowezekana sasa hayahitaji kusubiri amani kamili. Kinshasa inaweza kuitafsiri orodha kwa lugha nne za taifa na kuifikisha kwenye majimbo. Redio za jamii zinaweza kuwaalika wazee waeleze. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuuliza nyumbani. Na serikali inapoketi na Ubelgiji, inaweza kuhakikisha kwamba watu wa Fizi wamo chumbani, si kwenye picha ya mwisho tu.

Vitu hivyo vimekaa ng'ambo miongo mingi na vinaweza kukaa mwaka mwingine. Wazee wanaovijua ndio wasioweza kusubiri. Kila mmoja wao anapozikwa, Baraka au Nyarugusu, kinyago fulani Tervuren kinabaki bila mtu wa kukiita jina lake.