Chipukizi wa Mtwara: Faida Iko Kwenye Karatasi

MFANYABIASHARA wa korosho mkoani Mtwara hahitaji kufundishwa maana ya kusubiri. Mkorosho hupandwa, hupaliliwa na kupuliziwa salfa kwa miaka kadhaa kabla haujaanza kulipa. Anajua pia kwamba gunia lililoingia ghalani bila stakabadhi ni gunia lisilo na mwenyewe. Mambo hayo mawili, subira na karatasi, ndiyo yanayotawala soko jingine linaloendeshwa kila jioni kwenye viwanja vya mchanga kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mdomo wa mto Ruvuma. Ni soko la wachezaji chipukizi wa soka.

Soko hilo lina misimu yake, bei zake, madalali wake na hasara zake. Mkoa umekuwa ukilipelekea bidhaa kwa muda mrefu na kuambulia kidogo. Sababu kubwa si uhaba wa vipaji. Ni kwamba wanaolea vijana hawaweki kumbukumbu, na kanuni za malipo humlipa mwenye kumbukumbu.

Lieleweke mapema kwamba kijana hauzwi. Kinachouzwa ni haki ya klabu juu ya mkataba alioutia saini mwenyewe, na kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine ila kwa sababu chache maalumu.

MASHAMBA YA WAMAREKANI

Waliowahi kuifanya biashara hii kwa mpango kamili ni Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli. Katika miaka ya 1920, Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza klabu ya St. Louis Cardinals, aliona kwamba klabu yake haina fedha za kushindana na matajiri kununua nyota waliokwisha kuiva. Akaanza kununua timu ndogo za mikoani na kuwakuza vijana humo hadi wafae kupandishwa. Wamarekani wenyewe wakauita utaratibu huo mashamba. Leo klabu 30 za ligi kuu ya mchezo huo zina timu ndogo nne kila moja, jumla 120, na wapenzi wake hufuatilia maendeleo ya chipukizi tangu msimu unapofunguliwa hadi unapofungwa, kama watu wa Kusini wanavyofuatilia minada ya korosho.

Tanzania haina mnyororo wa namna hiyo. Kilichopo ni timu za vijana za klabu za Ligi Kuu, ambazo zilianza kuwa na ligi yao ya chini ya miaka 20 mwaka 2016, pamoja na utaratibu wa mkopo, ambapo klabu kubwa humpeleka kijana asiyepata nafasi kwenye klabu ndogo akacheze. Klabu ndogo hupata mchezaji, klabu kubwa hubaki na mkataba. Mwenye shamba na mwenye mavuno ni watu wawili tofauti.

SOKO LA KUSINI

Mtwara ilikuwa na duka lake katika soko hilo. Ndanda FC, Wana Kuchele, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kucheza mechi zake katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kwa misimu sita klabu kubwa za Dar es Salaam zililazimika kufika mjini, na kijana wa Mtwara aliweza kuonekana akiwa nyumbani. Ndanda ilishuka mwaka 2020, na hadi msimu wa 2025/26 mkoa haukuwa na timu Ligi Kuu.

Hasara ya kushuka si ya jukwaani tu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya sh. bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Klabu iliyo nje ya ligi hiyo iko nje ya mgao huo, na wachezaji wake hawaonekani na wanunuzi wa nje wanaotazama mechi kwa televisheni.

Jirani wa Lindi alionyesha kwamba umbali pekee si kisingizio. Namungo FC ya Ruangwa ilipanda mwaka 2019, ikamaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya nne, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba na kupata tiketi ya mashindano ya Afrika. Wilaya ya wakulima ikawa anwani inayojulikana.

Hata bila timu ya Ligi Kuu, bidhaa haikukatika. Mwaka 2019 na 2021 mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyikia Mtwara. Kwa mtafuta vipaji, huo ni mnada wa wazi, kwani vijana wa mikoa yote hukusanyika mahali pamoja na umri wao ukiwa umeandikwa shuleni.

JINSI YA KUSOMA MSIMU

Anayetaka kufuatilia chipukizi kibiashara asifuate mabao pekee. Kuna mambo manne ya kuandika kwenye daftari.

La kwanza ni dakika. Kijana wa miaka 18 anayecheza dakika 90 kila wiki katika daraja la chini anapanda thamani kuliko aliyekaa benchi la klabu kubwa akiwa na jezi mpya.

La pili ni umri ulio kwenye cheti. Miaka miwili ya tofauti hubadili bei yote. Umri uliochezewa ukigundulika, biashara hufa na jina la klabu huchafuka.

La tatu ni muda uliobaki kwenye mkataba. Mchezaji aliyebakiza miezi sita anakaribia kuondoka bure. Mchezaji akiondoka bure hakuna ada, na pasipo ada hakuna mgawo wa ada.

La nne ni madirisha ya usajili. Dirisha kubwa hufunguliwa kabla ya ligi kuanza, na dirisha dogo katikati ya msimu. Dirisha dogo ndilo la kutazamwa zaidi na wadogo, kwa sababu wakati huo klabu zilizokosea mwanzoni hutafuta marekebisho ya haraka, na mikopo mingi hutolewa au kuvunjwa.

HESABU YENYEWE

Fedha za kumlea mchezaji hurudi kwa njia mbili, na wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Hii hulipwa kijana anaposaini mkataba wa kulipwa kwa mara ya kwanza katika klabu ya nchi nyingine, na tena anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Klabu zimepangwa katika madaraja, na kila daraja lina kiwango chake cha gharama kwa mwaka. Kwa Afrika, daraja la pili ni dola 30,000, la tatu 10,000 na la nne 2,000. Kwa Ulaya, daraja la tatu ni euro 30,000 na la nne euro 10,000. Kinachotumika ni kiwango cha klabu inayomchukua, isipokuwa misimu ya umri wa miaka 12 hadi 15, ambayo hukadiriwa kwa daraja la nne.

Chukua mfano wa kubuni. Klabu ya Mtwara imemlea kijana kwa misimu minne, tangu umri wa miaka 14 hadi 17. Akifikisha 18 anasaini mkataba wake wa kwanza na klabu ya Ulaya ya daraja la tatu. Misimu miwili ya mwanzo ni euro 10,000 kila mmoja, na miwili ya mwisho ni euro 30,000 kila mmoja. Jumla ni euro 80,000, zaidi ya sh. milioni 200.

Lakini kijana huyo huyo akipitia kwanza klabu ya Dar es Salaam na kusaini huko mkataba wake wa kwanza, hesabu inabadilika. Atakapokwenda Ulaya, fidia hiyo itadaiwa na klabu ya Dar es Salaam peke yake, kwa sababu ndiyo iliyoachwa. Klabu ya Mtwara itabaki na kile ilichokubaliana na Dar es Salaam kwa kanuni za ndani. Na chipukizi wengi wa Kusini hupita Dar es Salaam.

Hapo ndipo njia ya pili inapokuwa na maana. Huu ni mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, unaogawiwa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 hupata asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5. Uzuri wake ni kwamba haufi. Hulipwa kila mara mchezaji anaponunuliwa kwa ada nje, hadi atakapostaafu.

Kwa kijana wa mfano wetu, akiuzwa nje kwa dola 300,000, misimu yake minne ya Mtwara ni asilimia 1.5, yaani dola 4,500. Si utajiri, ila ni mipira, nauli na posho za msimu mzima wa timu ya vijana.

Ada ikiwa kubwa, hesabu hunona. Mbwana Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akahamia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akanunuliwa na Aston Villa ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya nchi hiyo. Magazeti yalitaja ada ya zaidi ya pauni milioni 8. Kwa kiasi hicho, kila msimu mmoja wa malezi baada ya miaka 16 ulikuwa na thamani ya pauni 40,000 kwa klabu iliyokuwa naye, ikiwa ingeweza kuthibitisha hivyo.

KANGOMBA WA VIWANJANI

Neno kuthibitisha ndilo linalowaangusha wengi. Wakulima wa korosho wanakumbuka mwaka 2018, Serikali ilipochukua jukumu la kununua korosho kwa sh. 3,300 kwa kilo. Kabla ya kulipwa, mtu aliulizwa shamba lake liko wapi. Wafanya kangomba, waliokuwa wamenunua korosho kwa bakuli kutoka kwa wakulima wenye shida, walikwama kwenye swali hilo.

Soka ina kangomba wake. Huyu huja na viatu na ahadi, humchukua kijana wa kijijini bila barua kwa klabu yake, na kumsajili mbali kana kwamba alizaliwa uwanjani siku ile. Mlezi wa kweli hana karatasi, kwa hiyo hana dai. Familia nayo hubaki na namba ya simu isiyopokelewa.

Tangu Novemba 2022, malipo ya malezi hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Mfumo huunda pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, inayoorodhesha kila klabu aliyosajiliwa na tarehe zake, kutokana na kumbukumbu za mashirikisho ya nchi. Msimu usiosajiliwa hauonekani. Kituo cha kulea vipaji ambacho si mwanachama wa chama cha soka kilicho chini ya TFF hakihesabiwi, hata kama kocha wake amewalisha vijana kwa miaka kumi. Na klabu isiyokamilisha ukaguzi wa akaunti na uongozi wake hailipwi.

MTAJI MDOGO UINGIE WAPI

Mwenye fedha kidogo anayefikiria kununua "asilimia za mchezaji" aachane na wazo hilo. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni iliyo nje ya klabu kumiliki sehemu ya fedha za uhamisho wa mchezaji. Karatasi ya namna hiyo, hata ikiwa na mhuri wa wakili, haitasimama. Kazi ya wakala nayo inadai leseni na mtihani wa FIFA kwa kanuni za mwaka 2023.

Mlango uliobaki ni klabu yenyewe, kwa uanachama, udhamini au hisa pale muundo unaporuhusu. Kabla ya kutoa shilingi, mwekezaji aulize mambo matatu. Je, klabu ni mwanachama hai wa chama cha soka cha mkoa, MTWAREFA? Je, timu yake ya vijana imesajiliwa kwenye mfumo wa TFF, kijana kwa kijana, msimu kwa msimu? Je, ikimtoa mchezaji kwenda Dar es Salaam, hudai kwa maandishi sehemu ya mauzo yake ya baadaye? Haki hiyo klabu inaruhusiwa kuwa nayo, na ndiyo dawa ya pengo la fidia lililoelezwa hapo juu.

Majibu yakiwa ndiyo, basi hata klabu ya daraja la chini ni mali. Yakiwa hapana, hata nyota wa kesho aliyepo uwanjani leo ni mali ya mwingine.

Hatari nyingine zibaki wazi. Chipukizi wengi hawafiki popote. Goti moja huvunja hesabu ya miaka mitano, na fedha za mshikamano huja baada ya muda mrefu au haziji kabisa. Kwa hiyo haifai kuweka hapa ada ya shule au mtaji wa duka. Anayeingia ahesabu kikosi kizima, si kijana mmoja, kama mkulima anavyohesabu shamba zima badala ya mti mmoja.

Gharama ya kumwandikisha kijana wa miaka 12 ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya jezi za timu. Inayotakiwa ni nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha, sahihi ya mzazi na katibu anayejua kutunza faili. Kijana akianza kufunga mabao Dar es Salaam, itakuwa kuchelewa kuanza kulitafuta faili hilo.